Homa iliyomaliza nguruwe wa mama ina ndugu ndani ya amiba

Mama yuko Busia, alikuwa na nguruwe saba na wote walienda ndani ya wiki moja, masikio yamegeuka rangi ya zambarau, hawali, wamelala tu. Daktari wa mifugo akasema ni homa ya nguruwe ya Afrika, haina dawa, wazikeni. Mama akanipigia huku Nakuru akauliza, "Sasa hii kitu imetoka wapi, baba?"

Hilo swali halikunitoka. Nikaanza kusoma usiku nikakuta kirusi cha hiyo homa ni wa ukoo mmoja na virusi vikubwa, na jamaa zake wa karibu kama Faustovirusi wanaishi ndani ya amiba, vile viumbe vya seli moja vya kwa maji na udongo.

Hivyo vikubwa ndio vimenishika kabisa. 1992 huko Bradford, Uingereza, watu walikuwa wanatafuta chanzo cha nimonia, wakachota maji kwa mnara wa kupozea, wakaona kitu ndani ya amiba wakadhani ni bakteria, na ikabaki hivyo mpaka 2003 watafiti wa Marseille, Ufaransa, waliposema hapana, hiki ni kirusi, wakakiita Mimivirusi. Jeni karibu elfu moja! HIV iko na tisa tu. Na si ati vilijificha, ni vile ukitafuta virusi ulikuwa unapitisha maji kwa chujio laini sana, kinachobaki juu unahesabu ni bakteria unamwaga. Miaka hiyo yote vilikuwa vinamwagwa. Baadaye ikaja Pandoravirusi, 2013, herufi za DNA milioni 2.5, halafu 2018 Tupanvirusi, moja ikatoka ziwa la magadi Brazil, na mimi nikisoma hiyo niko hapa karibu na Ziwa Nakuru, magadi pia, natamani sana mtu achote maji yetu aangalie.

Kuhusu asili yao, kuna waliosema ni mabaki ya tawi la nne la uhai, mbali na yale matatu yanayojulikana. Lakini jeni za Klosneuvirusi, zilizopatikana kwa maji taka ya Austria, 2017, zilionyesha zimeokotwa kidogo kidogo kutoka kwa viumbe tofauti tofauti, yaani kirusi kilianza kidogo kikanenepa. Mimi hiyo ndio inaniingia akilini.

Nikampigia mama. Nikamwambia hicho kirusi cha homa si kigeni, ni cha hapa hapa, kiko kwa ngiri na hawaugui, papasi wanakibeba, na daktari wa mifugo mmoja, Montgomery, alikiandika 1921 baada ya nguruwe wa masetla kufa hapa Kenya. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Kwa hivyo yale mabaki ya hoteli ninayowalisha nguruwe nichemshe kwanza?"

Nikamwambia ndio mama, yachemke vizuri nusu saa, na hao wapya wasifunguliwe wazurure.