Juzuu ya Kwanza

Nilipoajiriwa kuwa afisa utumishi katika halmashauri moja ya kusini mwa Tanzania, mwaka 2011, semina elekezi yetu ilikuwa ya siku moja. Tulisomewa Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002, tukaoneshwa namna ya kujaza OPRAS, fomu za kupima utendaji wa mtumishi, tukasaini posho, tukatawanyika. Kazi yenyewe nilifundishwa na karani wa masijala, chumba cha kutunzia majalada, aliyekuwa anakaribia kutimiza miaka 60. Sote tulimwita Mzee. Mkuu wangu wa idara alitaka kila afisa mpya aanzie kwake, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Asubuhi moja ya masika aliingia mkunga mstaafu, viatu vimejaa tope. Karatasi zake za mafao zilikuwa zimerudishwa kwa sababu barua ya kuthibitishwa kazini haikuwemo. Jalada lake binafsi tulilipata, lakini ilikuwepo juzuu ya pili tu. Kwingine alikopita aliambiwa aandike barua ya maombi, arudi nyumbani, asubiri.

"Dada, keti kwanza. Umekunywa chai?" Mzee alimuuliza. Kisha akanigeukia: "Mwanangu, jalada halipotei, linasafiri. Tulifuate."

Nilianza na rejesta ya mwendo wa majalada, nikapekua makabati yote ya watumishi wa afya. Sikuona kitu. Mzee hakuwa amenyanyuka. Alikuwa akizungumza na yule mama, na mimi nilidhani wanapiga soga tu. Alimuuliza aliripoti kazini lini. Mwaka mama hakuukumbuka vizuri, ila alikumbuka kwamba vijana wa kijijini walikuwa wanapelekwa vita vya Kagera, yaani 1978 au 1979.

"Basi acha kutafuta huko," Mzee akaniambia. "Wakati huo halmashauri hazikuwepo."

Nilijua kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa 1972 zikarudishwa 1984; niliwahi kuijibu kwenye mtihani wa chuo. Kwamba historia hiyo inaamua barua ya mtu imelala kwenye boksi gani, hilo hakuna mhadhiri aliyenieleza. Mwajiri wa mkunga yule alikuwa serikali kuu kupitia mkoa. Barua ingetoka mkoani, na chini yake lazima pangeandikwa nakala imekwenda wapi. Mzee alinipeleka stoo, kwenye maboksi ya barua zilizopokelewa wilayani miaka ile, karatasi zimeliwa na mende pembeni. Jioni tukaiona: orodha ya watumishi waliothibitishwa, imepigwa taipu, ina muhuri wa mkoa, na jina la mama limo.

Rasimu ya barua ya kuambatanisha nakala ile niliandika mimi. Mzee aliikata kwa kalamu nyekundu mara mbili, akaniagiza nimsomee mama kabla haijakwenda kusainiwa. Alisema mwenye shida ana haki ya kusikia tulivyomwandikia. Mama alisikiliza hadi mwisho, akatusahihisha jina la zahanati yake ya kwanza.

Rafiki niliyesoma naye alinipigia mwaka huohuo kuniita benki, kwa mshahara uliozidi wangu mara mbili. Nilimwambia sitoki. Sikubaki kwa ajili ya semina wala kiapo. Nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi kazi hii inavyomfikia mtu. Siku hizi OPRAS imeondoka, tunajaza PEPMIS, mfumo uliochukua nafasi yake, kwenye kompyuta, na fedha za mafunzo bado zinakwenda kwenye kumbi na posho. Kumkalisha kijana karibu na mjuzi kwa mwezi mzima hakuna anayekuwekea bajeti, na hilo linaniuma.

Nilipopata waajiriwa wapya wa kwanza chini yangu, Mzee alikwishastaafu. Niliomba aje awafundishe kwa wiki moja, nikajibiwa hakuna kifungu cha kumlipa. Tulichanga nauli ofisini. Alikuja Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, akadai aone rejesta kwanza.