Kusawazisha kimo cha mbele cha Land Cruiser VX: bolti huinua gari, haiongezi nguvu

Uzito wa ngao ya chuma na winchi nilivyofunga mbele ya Land Cruiser 100 yangu umeshusha pua ya gari, na upande wa kulia umeshuka kuliko wa kushoto. Yeyote aliyewahi kupeleka VX gereji anajua dawa atakayoandikiwa kabla hata hajazima injini: kaza tosheni baa, yaani bolti za fimbo zinazobeba mbele ya gari. Dawa yenyewe si mbaya, ila huja pamoja na imani ambayo nimeisikia hata kwa mafundi hodari, kwamba bolti zile zikikazwa springi inakuwa ngumu na gari linapata nguvu zaidi ya kubeba. Sivyo ilivyo, na mtu asipoelewa kwa nini sivyo, ataharibu gari akidhani analitengeneza.

Land Cruiser 100, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007, haina springi za mzunguko mbele. Ina fimbo mbili ndefu za chuma cha springi, ndizo hizo tosheni baa, zinazolala chini ya gari kwa urefu wake. Ncha ya mbele ya kila fimbo imeshikamana na mkono wa sasipensheni, na ya nyuma imeshikwa na kipande kifupi kinachoegemea bolti kwenye boriti ya chesisi. (Ndugu yake, 105, ilibaki na ekseli nzima na springi za mzunguko, kwa hiyo mwenye nayo asihangaike kuitafuta bolti hiyo.) Gurudumu linapopanda, fimbo inasokotwa, na ukinzani wake ndio unaobeba gari. Ugumu wa fimbo unatokana na unene wake, urefu wake na chuma chenyewe, na bolti haigusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Inachofanya ni kusogeza mahali ambapo msokoto unaanzia, basi gari likakaa juu zaidi kwa ugumu ule ule. Gari lililokazwa kupita kiasi huonekana gumu kwa sababu nyingine kabisa: mikono ya sasipensheni imesogezwa karibu na raba za kikomo, nafasi ya gurudumu kushuka imekwisha, na kila linapotaka kuingia shimoni au kushuka tuta hugonga chuma kwa kishindo.

Kabla ya kugusa bolti, pima, na upimie mahali palipo sawa kweli. Sakafu za vituo vya mafuta hudanganya, kwa kuwa nyingi zimejengwa na mteremko wa kutoa maji. Mimi nilikagua sakafu ya saruji kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ule ambao mafundi ujenzi hutumia kusawazisha msingi. Upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto, na mizigo iwe imeshushwa. Ili kulinganisha kulia na kushoto, pima kutoka katikati ya kitovu cha rimu hadi ukingo wa bodi juu yake, kwa maana kipimo hicho hakijali tairi lililochakaa. Ili kulinganisha mbele na nyuma, pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubavu wa gari, kwenye ncha zake mbili chini ya milango, kwa kuwa matao ya matairi ya mbele na ya nyuma hayakukatwa kwa umbo moja.

Pima kona zote nne, hata kama lalamiko lako ni la mbele tu. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukirefusha mguu mmoja, ule wa mkabala kwa mshazari ndio unaoelemewa, kwa hiyo ukiinua kona ya mbele kulia unaibebesha zaidi springi ya nyuma kushoto, na springi ya nyuma kulia iliyochoka huishusha pia kona ya mbele kulia. Kwangu sehemu kubwa ya mwinamo ilitoka huko nyuma. Springi zote mbili za nyuma zilipobadilishwa, tofauti ya mbele ilibaki milimita chache, ambazo bolti iliweza kuzimaliza bila kulazimishwa.

Je, mbele iwe sawa kabisa na nyuma? Wapenda sura watasema ndiyo. Mimi nasema hapana, kwa sababu gari hizi hutoka kiwandani zikiwa zimeinuka kidogo nyuma ili zikishapakiwa zikae sawa, na sijui nani hurudi kutoka Mbeya bila magunia ya mchele na viazi. Gari lililosawazishwa likiwa tupu, likipakiwa linanyanyua pua, usukani unakuwa mwepesi, na taa zinawapiga machoni madereva wanaokuja. Nimeacha mbele chini ya nyuma kwa sentimita 2 hivi. Na kwa tosheni baa za kiwandani sipendi kupita sentimita 3 au 4 juu ya kimo cha awali. Anayetaka zaidi, au aliyeongeza chuma kingi mbele, anunue fimbo nene zaidi, kama zile za Old Man Emu kutoka Australia, na ahakikishe fundi hachanganyi ya kulia na ya kushoto, kwani kila moja imeandaliwa kwa mwelekeo wake wa msokoto.

Kazi yenyewe ni fupi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi imara chini ya chesisi, magurudumu yaning'inie ili msokoto upungue, safisha nyuzi za bolti kwa brashi na uzilainishe kwa mafuta, kisha weka alama ya rangi mahali bolti ilipokuwa. Kuikaza gari likiwa limekalia magurudumu yake, kama nionavyo kando ya barabara, ni njia ya haraka ya kuua nyuzi. Zungusha kidogo bolti ya upande wa kulia, kidogo ya upande wa kushoto, shusha gari, liendeshe mbele na nyuma kabla ya kupima tena, kwa sababu matairi yaliyoshushwa toka hewani huishika sakafu yakiwa yamebanana na kukupa kimo cha uongo.

VX zenye AHC, yaani zile zenye kitufe cha kupandisha na kushusha gari, ni habari nyingine. Nazo zina tosheni baa, lakini kimo chake huamuliwa na vihisio, na bolti hubadilisha tu mgao wa mzigo kati ya fimbo na mafuta ya haidroli. Huko hupimwa presha kwanza, bolti baadaye.

Kimo kikishatulia, gari liende kwenye mashine ya alaimenti siku hiyo hiyo, kwa kuwa kila kimo kipya hubadilisha mwinamo wa magurudumu na namna yanavyoelekeana, na tairi litaanza kulika ukingo mmoja. Mwambie fundi akague pia mipira ya shafti za mbele, ambazo sasa zinafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Mpira wenye ufa ubadilishwe kabla vumbi halijaingia kwenye grisi. Kurekebisha taa kuje mwisho, usiku, mbele ya ukuta, gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.