Kalsiamu kwenye ubongo: ninavyopima damu hapa Bukavu

Skana ya kichwa ikirudi na madoa meupe ya kalsiamu pande zote mbili, ndani kabisa ya ubongo, wengi hukimbilia kuandika "ugonjwa wa Fahr", yaani ule wa kurithi. Mimi huanza na umri. Doa dogo kwa mzee wa miaka 70 mara nyingi halina neno. Kwa kijana anayeanguka kifafa au kukakamaa vidole, naangalia shingo. Kivu ni nchi ya rovu, na kovu la upasuaji wa rovu hunitahadharisha kwamba tezi ndogo za paratiroidi, zinazodhibiti kalsiamu mwilini, huenda ziliondolewa au kuumizwa.

Kisha damu: kalsiamu, fosfeti, magnesi, kreatinini inayoonyesha hali ya figo, na protini mbili zinazoamua mambo, yaani albumini na homoni ya paratiroidi, PTH.

Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Garo, yaani mkanda wa kufunga mkono, ikikaa zaidi ya dakika moja, protini hukolea na kalsiamu hupanda kwa uongo. Tyubu ya seramu (maji ya damu iliyoganda) hujazwa kwanza, ya kifuniko cha zambarau baadaye, kwa sababu dawa ya EDTA iliyomo hunasa kalsiamu. Tone moja likihamia kwenye seramu, utaona kalsiamu chini, potasiamu juu, na kimeng'enya cha fosfatesi alkali chini. Nikiona hayo matatu pamoja sitibu mtu, natoa damu upya. PTH yenyewe hudumu vizuri zaidi kwenye EDTA kuliko kwenye seramu, jambo la maana sana umeme unapokatika kabla mashine ya kutenganisha damu haijazunguka. Ila soma kwanza karatasi ya maelezo ya kipimo, maana si vipimo vyote vinavyokubali plazima, maji ya damu isiyoganda ya tyubu ya EDTA. Uliza pia kuhusu vidonge vya nywele na kucha. Bayotini iliyomo ikiwa nyingi huweza kushusha PTH kwa uongo kwenye baadhi ya mashine, kwa hiyo naomba visimamishwe siku mbili au tatu kabla.

Albumini isisahaulike, maana hubeba sehemu ya kalsiamu ya damu. Mgonjwa aliyekonda ana kalsiamu 1.95 mmol/L na albumini 28 g/L: naongeza 0.02 kwa kila gramu inayopungua hadi 40, napata 2.19. Huyo hana upungufu. Kipimo cha kalsiamu ioni, ile iliyo huru, kikipatikana, hiyo ni bora kuliko hesabu.

Kalsiamu ikiwa chini kweli na fosfeti juu, PTH iliyo chini, au hata "ya kawaida", ina maana tezi hazifanyi kazi: ilitakiwa ipande. PTH ikiwa juu na figo ni nzima, mwili hauisikii homoni. Magnesi ikiwa chini sana, irudishwe kwanza, kwani bila hiyo tezi haitoi PTH. Wengi wa wagonjwa hawa hufika wakiwa tayari wanakunywa fenobarbitali, dawa ya kifafa, ambayo humaliza vitamini D na kuzidisha tatizo lilelile.

Vyote vikiwa sawa, ndipo nafikiria ugonjwa wa kurithi. Kuna wanaoulizia nyurofilamenti nyepesi. Protini hiyo hupanda neva zinapoumia kwa sababu yoyote, haisemi lolote kuhusu kalsiamu, na sioni haki kumlipisha mgonjwa. Pesa hiyo ilipie skana ya wazazi. Kwa jeni ya SLC20A2, iliyotambuliwa mwaka 2012, mzazi mmoja anatosha kurithisha, na huenda ana madoa bila dalili yoyote. Kwa MYORG, ya mwaka 2018, nakala yenye kasoro huhitajika kutoka kwa wote wawili, hivyo skana zao zikiwa safi sifungi faili.