Grisi iliyoinusuru Liemba

Mwezi wa nne mwaka huu tulifungua injini ya boti ya mizigo ambayo ilikuwa imelala nchi kavu pale Kibirizi, hapa Kigoma, kwa misimu minne ya mvua. Mwenyewe aliizima jioni moja akiamini kwamba angeirudia baada ya wiki, kisha mambo ya maisha yakamzuia. Tulipong'oa kifuniko cha silinda tulikuta pistoni mbili zimeshikwa na kutu kiasi kwamba nyundo ya mbao haikuzitikisa, na ikatubidi tumimine mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kila asubuhi kwa siku tisa kabla ya pistoni ya kwanza kukubali kusogea. Boti hiyo haikuwahi kuzama. Ilikuwa juu ya magogo, imefunikwa turubai, na ziwa lilikuwa hatua sitini kutoka ilipo.

Katika siku hizo tisa nilikuwa nikiifikiria Liemba, meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika, ambayo wengi wetu tumeikulia machoni bila kuuliza imefikaje umri ule. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000 ambayo yalisafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda hicho, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walikuja nayo ili kusimamia kazi ya kuiunganisha upya, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, kwa hiyo chombo kilichokusudiwa kubeba watu na mizigo kikafungwa mzinga.

Mwezi wa saba mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Hapa ndipo ninapowaheshimu sana mafundi wale. Kabla ya tarehe 26 Julai walizipaka injini grisi nzito, kisha meli ikajazwa mchanga na kushushwa taratibu hadi chini ya ziwa. Mtu anayetaka kuangamiza meli huvunja mitambo yake kwa nyundo au kwa baruti. Hawa waliilaza kama mtu anayeweka akiba.

Msomaji ambaye hajawahi kushika spana huenda asione uzito wa grisi, kwa hiyo naomba nieleze. Katika injini ya mvuke fimbo ya pistoni hupita katika tundu lililozibwa kwa kamba maalumu zilizolowekwa mafuta, na kamba hizo huzuia mvuke usitoroke kwa sharti moja tu, kwamba fimbo iwe nyororo kama kioo. Kutu ikila kishimo kidogo juu ya fimbo hiyo, kila inapopanda na kushuka kishimo hicho huzikwangua kamba, mvuke huanza kuvuja, nguvu hupungua, na fundi hana njia ila kuichonga upya fimbo nzima kwenye mashine au kutengeneza nyingine. Hali ni hiyo hiyo kwa kuta za silinda, kwa uso wa vali na kwa shingo za mtaimbo zinazokaa ndani ya beringi. Ukubwa wa injini hauisaidii kitu, kwa kuwa maisha yake yako katika nyuso chache ambazo hazizidi unene wa unywele kwa usahihi wake, na grisi ikizifunika nyuso hizo maji na hewa havizifikii. Maji ya Tanganyika nayo yalisaidia, maana hayana chumvi ya bahari na yana asili ya alkali ambayo huipunguza kasi kutu ya chuma. Meli hiyo ingelazwa hivyo katika bahari ya Hindi, sidhani kama tungekuwa na la kusimulia.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita, lakini ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na walipoifungua wakakuta injini na boila, yaani matangi ya kuchemshia maji yawe mvuke, bado zinafaa kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Boila iliyokaa chini ya maji miaka yote hiyo haiwashwi moto kwa kuiamini tu. Hujazwa maji baridi hadi juu kabisa, hewa yote ikatolewa, kisha maji hayo husukumwa kwa pampu mpaka presha ivuke ile ya kazi, huku mafundi wakizunguka na taa kuangalia kila ribiti, yaani msumari mnene unaofunga mabamba ya chuma, na kila bomba. Maji baridi hutumika kwa sababu hayatanuki kama mvuke: bamba bovu likipasuka, maji hutiririka sakafuni na watu hubaki hai, ambapo mvuke ungelipua chumba kizima. Nimeshuhudia watu wakipima matangi ya presha kwa kompresa ya hewa ili kuokoa muda, na nilitoka nje ya karakana hiyo.

Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa ndani ya Liemba na dizeli ikafungwa mahali pake. Wapo wapenzi wa vyombo vya kale wanaoliona jambo hilo kuwa hasara, na ninauelewa uchungu wao, lakini siungani nao. Mvuke hudai saa nyingi za kuchochea moto kabla ya safari, hudai watu wa kuhudumia boila usiku na mchana, na Liemba ilikuwa na watu wa Kasanga na Mpulungu wa kuwafikisha, na vijiji vingi visivyo na gati ambako abiria na magunia ya dagaa hupandishwa kutoka kwenye mitumbwi. Mwezi wa tano mwaka 2015 ilikuwa ikiwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Bodi yake ya mabamba yaliyofungwa kwa ribiti ndiyo iliyobaki kuwa kumbukumbu, na hapo ndipo ningekuwa mkali: bamba lililochakaa libadilishwe, ila lililo zima lisiguswe kwa sababu tu kulichomelea jipya ni rahisi zaidi.

Boti ya Kibirizi ilishushwa majini wiki iliyopita. Pistoni moja tulishindwa kuiokoa, tukanunua nyingine. Nilimkabidhi mwenyewe kopo la grisi la kilo tano, nikamwonyesha kwa mkono wangu mahali pa kupaka siku atakayoizima, na vijana wake wawili wakarudia zoezi hilo mbele yangu mpaka nikaridhika.