Picha za harusi ya mdogo wangu: jinsi Sh40,000 zilivyotosha

Tulitenga Sh40,000 za picha, na kila niliyemtajia aliniambia kwa Mombasa ya leo hizo ni za kijana wa simu tu. Si kweli. Zilitosha nikahi msikitini, kupa mkono nyumbani (bwana harusi kumshika bi harusi mkono) na kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bi harusi, tena picha ni nzuri hasa. Ila sikupata kwa kubembeleza bei. Nilipata kwa kununua saa chache kutoka kwa watu wanaojua kazi, na kabla sijalielewa hilo arubuni ya Sh5,000 ilikuwa imekwenda.

Mpiga picha wa kwanza alitaka Sh35,000 kwa kila kitu: siku mbili, picha, video, droni, albamu mbili na picha kubwa ya ukutani. Mamangu akasema huyo huyo. Lakini kaa chini uipige hesabu. Albamu ya kurasa ngumu inakula elfu kadhaa kwa mchapishaji, na ziko mbili. Video inataka mtu wa pili na siku nyingi za kuhariri. Droni inataka mrushaji, tena mwenye usajili na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa kanuni za mwaka 2020, na kisiwa chetu kiko karibu na uwanja wa ndege na kambi ya jeshi la majini. Ukivitoa vyote hivyo, kazi ya picha yenyewe inabakia na nauli. Mtu wa bei hiyo atachukua harusi mbili siku moja, au kwako atamtuma msaidizi.

Picha alizonionyesha kwenye simu zilikuwa kama ishirini, kila moja ya harusi yake. Picha ishirini nzuri katika miaka mitatu hata mimi ningezipata. Nikamwomba harusi moja tu, nzima, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwenye flashi diski. Alizunguka karibu wiki. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikaanza na kanzu ya bwana harusi.

Hapa nataka nieleze vizuri, maana hiki ndicho kipimo kilichonisaidia kuliko ushauri wote. Shingo ya kanzu ina tarizi nyeupe juu ya kitambaa cheupe. Ikuze picha mpaka ile shingo ijaze kioo. Kama picha imepigwa sawa, utahesabu mishono. Kama haikupigwa sawa, utaona bandiko jeupe tupu, kama karatasi. Sababu yake ni kwamba kamera ikiachwa ijiamulie inatafuta wastani wa mwangaza. Bwana harusi amevaa joho jeusi, nyuma yake pana kivuli, basi kamera inadhani pote ni giza na inaongeza mwanga hadi weupe unaungua. Weupe ulioungua haurudi, hata ahariri mwezi mzima. Fundi anaipima kanzu, anapunguza mwanga, kisha anakwenda kuvipa mwanga vivuli wakati wa kuhariri.

Kutoka kwenye kanzu nenda kwenye mikono ya bi harusi. Hina ni nyekundu inayokwenda kwenye kahawia, piko ni nyeusi. Kwenye picha lazima vitengane. Zile za yule bwana, hina na piko vilikuwa rangi moja, na ngozi ya bi harusi imekuwa na ukijani wa taa za ukumbini. Hajui kurekebisha rangi kulingana na taa.

Halafu msikitini. Picha tatu za nikahi zilikuwa na milia ya giza iliyokatiza ukuta na nyuso. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hivyo taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukipiga kwa kasi kubwa kuliko 1/100 ya sekunde, yaani kamera ikifunguka kwa muda mfupi kuliko huo, unaweza kupata milia hiyo. Nilimuuliza imetoka wapi, akasema msikiti ule taa zake mbovu. Nikamwachia arubuni yake.

Waliofuata sikuwatafuta kwenye matangazo. Nilimuuliza mpambaji. Yeye yuko harusini karibu kila wiki, anamjua anayefika kwa wakati, anayekuja na betri za ziada, na wateja wa nani wanapiga simu miezi mitatu kuulizia picha zao. Alinipa majina matatu, mmoja mwanamke. Wote niliwafanyia kipimo kile kile cha harusi nzima: kanzu, hina, msikiti. Wawili walipita, mwanamume mmoja na yule mwanamke. Nilipomuuliza mmoja kuhusu milia, alijibu bila kufikiri: hushuka hadi 1/100, na akiona bado ipo anashuka hadi 1/50 na kusubiri watu watulie.

Bei niliiuliza kwa saa. Mwanamume nilimchukua saa tatu za nikahi na kupa mkono, kwa Sh14,000 hivi. Mwanamke nilimchukua saa nne za kupamba, kwa Sh16,000 na kitu. Zilizobaki ziliingia kwenye kuchapisha na nauli. Nikahi tuliiweka Alhamisi. Jumamosi za Shaaban, za baada ya Idi na za Desemba zinagombewa na bei hupanda, lakini siku ya kazi mtu yuko tayari kukupunguzia. Masika pia ni nafuu, ila mvua ya Mei usiichezee kama mnategemea picha za nje.

Saa tatu zinatosha zikipangwa kufuata jua. Hapa jua linazama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, na mwanga mzuri ni ule wa kuanzia saa kumi na moja. Nikahi baada ya Alasiri, saa kumi na moja kasorobo mko nje, bwana harusi anapelekwa kupa mkono, saa kumi na moja na nusu maharusi wako tayari. Ukifunga nikahi baada ya Isha umeutupa mwanga wa bure. Tuliambiwa twende Fort Jesus, lakini ndani ni mahali pa Makumbusho ya Taifa, pana ada na ruhusa ya kuombwa mapema. Vichochoro vya Mji wa Kale vipo pale pale nje. Kuta ndefu zinaleta kivuli laini na chokaa inarudisha mwanga usoni, na milango ya nakshi huilipii. Omba tu ruhusa kwa mwenye nyumba. Mama Ngina, pale kando ya bahari, nako kuzuri jioni, maana ukiipa bahari mgongo jua linakuja usoni, ila wikendi kuna umati.

Picha za jamaa ndizo zinazokula saa. Kila kundi ni dakika mbili au tatu, kwa hivyo makundi kumi na mawili ni nusu saa nzima. Orodha niliiandika mapema na kumpa binamu anayewajua watu wa pande zote mbili kwa majina, aite. Bibi na wazee kwanza, kabla hawajachoka. Simu za jamaa zisubiri nyuma ya mpiga picha, la sivyo kila mtu anatazama kwake na hampati hata picha moja macho yote yako mbele.

Jambo moja la pwani ambalo wageni hawalijui: kamera ikitoka chumba chenye eisi kwenda kwenye joto letu, lenzi inafunga ukungu na kuifuta hakusaidii. Itolewe chumbani dakika ishirini kabla, ikiwa bado ndani ya begi lililofungwa.

Kupamba kulinikosesha usingizi kuliko vyote. Ukumbi ni wa wanawake, vichwa viko wazi, simu zimeachwa mlangoni. Mpiga picha awe mwanamke, hilo linajulikana, lakini watu wanasahau kuuliza nani anahariri. Wengi hupeleka kazi kwa mhariri wa kiume. Tulikubaliana kamera iandike kwenye kadi mbili kwa pamoja, kadi zote zibaki kwetu usiku ule, na yeye aje kuhariri nyumbani kwa kompyuta yetu. Alikuja alasiri nne, tukamlipia nauli na chakula, na hakuna faili lililotoka mlangoni. Hata bei alipunguza, kwa kuwa hakuwa na kazi ya kuhifadhi wala kupakia.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja: jina la atakayeshika kamera mwenyewe, saa ya kuanza na ya kumaliza, picha 300 zilizohaririwa kwa kila mmoja, wiki tatu, hakuna kuweka picha mtandaoni. Malipo theluthi ya kushika siku, theluthi siku yenyewe, theluthi picha zikifika, yote kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Picha zije kwa flashi diski. WhatsApp kwa kawaida inazibana, na ukija kuchapisha kubwa zinavunjika.

Picha za yule mwanamume zilipofika nilifungua kila moja kabla ya kutuma theluthi ya mwisho. Nane zilikuwa zimejirudia. Akaleta nyingine nane kesho yake, na mojawapo ni ya bibi akimfunga mdogo wangu kikuba cha maua.