Raundi Niliyotakiwa Kusema Kabla ya Kupiga

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kinachonizuia kusonga mbele katika gofu ni fimbo moja tu, draiva, ile ndefu tunayoanzia mashimo marefu. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Mpira unaopaa vizuri, kisha ukapinda kulia na kutokomea vichakani, huonwa na kila mtu na huzungumzwa hata baada ya raundi kwisha. Ilhali mpira unaoangukia mita chache kabla ya grini, lile eneo la nyasi laini lenye shimo na bendera, kwa sababu mchezaji alichagua fimbo isiyofika, hauna fedheha yoyote, na watu wakikaa kupiga soga hakuna anayeutaja. Basi karibu mazoezi yangu yote niliyaelekeza kwenye draiva, na handikapu yangu, namba ya kupima uwezo wa mchezaji ambayo kadiri inavyoshuka ndivyo alivyo bora, ikaganda kwenye 19.

Handikapu yenyewe haikunisaidia kujijua. Tangu mwaka 2020, ulipoanza kutumika mfumo mmoja wa handikapu duniani, hesabu hufanywa kwa kuchukua raundi 20 za mwisho za mchezaji na kutafuta wastani wa 8 zilizo bora. Zile 12 nyingine huachwa. Mfumo hauna kosa, kwa kuwa kusudi lake ni kupima uwezo, ili wachezaji wasiolingana waweze kushindana kwa haki. Lakini mtu akiichukua namba hiyo kuwa ndiyo mchezo wake wa kila siku, atakuwa anajitazama kwenye kioo kinachoonyesha siku zake nzuri peke yake. Mimi nilikwenda mbali zaidi, kwani kila fimbo niliipa umbali wa mpira bora kabisa iliyowahi kuupiga. Siku moja, upepo ukiwa mgongoni, nilipiga fimbo ya chuma namba 7 na mpira ukaenda mita 150. Kuanzia hapo, nilipoulizwa, nilijibu bila kusita kwamba hiyo ni fimbo yangu ya mita 150.

Raundi ninayotaka kuisimulia haikuwa ya mashindano. Nilikuwa peke yangu na kedi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, ambaye alianza kubeba mifuko ya wachezaji kabla sijajua gofu ni nini. Tulipofika shimo la kwanza alitoa mfukoni daftari dogo na kipande cha penseli, akanipa sharti.

"Kabla hujapiga, kijana, utaniambia mambo matatu. Fimbo gani, mpira utatua wapi, na ukipiga mkwaju kama huo mara kumi, mara ngapi utafika hapo. Nitaandika. Ukishapiga, nitaandika ulipotua. Sitakuuliza kitu kingine."

"Kwa hiyo tunapima mikwaju yangu, Mzee?"

"Mikwaju yako nimeiona. Leo tunapima maneno yako."

Nilidhani ni mchezo wa kupitisha muda, nikakubali. Ugumu ulianza papo hapo. Niliposema mpira utatua katikati, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari na kuuliza, "Katikati ya nini?" Nikanyoosha mkono kuelekea uwanjani. Hakuandika. Nikasema, kuelekea kwenye mti ule. "Miti iko mingapi?" akauliza. Ilinibidi nichague shina moja, tena niseme upande gani wa shina hilo, ndipo penseli ikagusa karatasi.

Jack Nicklaus, mshindi wa mashindano makuu 18, ameeleza mara nyingi kwamba hakupiga mkwaju wowote, hata wa mazoezi, bila kwanza kuuona akilini: mahali mpira utakapokomea, njia utakayopita angani, na mwisho mwili wake mwenyewe ukipiga mkwaju wa kuufikisha hapo. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo na kulihesabu kuwa ni namna ya kujipa moyo. Nilipolazimika kutamka nilichokuwa nakiona, niligundua kwamba sikuwa naona kitu. Nilikuwa na upande wa kuelekea na matumaini, basi. Mashimo matatu ya mwanzo yalipita nikijifunza kuchagua tu, na sikumbuki mengi kuhusu jinsi nilivyopiga.

Shimo la nne nalikumbuka. Bendera ilikuwa umbali wa mita 148, banka pana, yaani shimo la mchanga, likiwa mbele ya grini, na hapakuwa na upepo hata kidogo. Nikatangaza: namba 7, mpira utatua hatua mbili kabla ya bendera, mara nane kati ya kumi. Nilipiga vizuri. Nalisema hilo bila majivuno, kwa sababu ndilo jambo lenyewe: mlio ulikuwa safi, mikono haikutetemeka, kipande cha nyasi kikaruka mbele ya mpira ulipokuwa umekaa, kama inavyotakiwa. Mpira ulipanda, ukashuka kwenye mstari uleule niliousema, na ukazama mchangani. Niligeuka kutafuta upepo. Bendera ilikuwa imelala kwenye mti wake kama kitambaa kilicholowa. Kedi akaandika, akafunga daftari, akasema, "Umepiga vizuri."

Laiti angesema nimekosea. Mkwaju mbovu una utetezi wake. Mtu huahidi kuurekebisha na kuendelea kujiheshimu. Lakini mkwaju mzuri uliopungua mita 13 ulikuwa unasema kwamba fimbo ile haijawahi kuwa na umbali ninaouhubiri, na kwamba hakuna mazoezi ya mkono wala kiuno yatakayoondoa mchanga ule mbele yangu ikiwa nitaendelea kuchagua fimbo ileile.

Kwenye grini mambo yalikuwa kinyume. Huko nilijidhulumu. Nilipobakiwa na mpira wa kusukuma wa karibu mita mbili na nusu, nilitangaza mara tisa kati ya kumi, nikaukosa, na nikajilaani kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Baadaye nilikuja kujua kwamba wachezaji wa kulipwa wa ziara kubwa ya Marekani, ule mfululizo wa mashindano ya msimu mzima, kutoka futi 8, yaani takribani mita 2.4, huingiza kama nusu tu ya mipira yao. Nusu! Watu ambao mkate wao wa kila siku unategemea kusukuma mpira huo wanakosa mara moja kati ya mbili, nami, mwenye handikapu ya 19, nilijiona nimepotoka kwa kukosa mmoja. Hapa nadhani ndipo wengi wanapoelewa vibaya suala la kujipima kwa ukweli. Wanalichukua kuwa ni kujikosoa, na kadiri mtu anavyojikaripia ndivyo anavyoonekana mkweli zaidi. Si hivyo. Kujidai na kujilaani vyote viwili vinatoka kwenye hesabu mbovu, na mara nyingi vinakaa ndani ya mtu mmoja katika shimo moja.

Lililonigusa zaidi lilitokea shimo la 14. Mkwaju wa draiva ulikwenda kulia, mpira ukakaa kwenye majani makavu kati ya miti. Mbele yangu palikuwa na upenyo baina ya mashina mawili, na katika upenyo huo grini ilionekana vizuri sana, ikinikaribisha. Nilikuwa na hasira. Nikavuta fimbo ya chuma namba 4, nikasimama mbele ya mpira, kisha nikakumbuka sharti.

"Namba 4," nilisema. "Utapita katikati ya mashina yale, utatua mbele ya grini."

"Mara ngapi?"

Nilifungua mdomo nikakosa namba. Nane haikutoka. Sita haikutoka. Ni vigumu kueleza jinsi sauti ya mtu mwenyewe inavyoweza kumzuia, moyoni nilikuwa nimeshakubali kwamba mpira utapita, lakini nilipotakiwa kuitaja namba mbele ya mtu mwenye penseli, nilijisikia nikisema, "Mbili." Hata hiyo mbili, nikiwa mkweli, ilikuwa ya ukarimu. Mzee hakunishauri. Alisubiri tu, ncha ya penseli ikiwa juu ya karatasi, bila kuandika. Nikairudisha namba 4, nikachukua fimbo fupi yenye uso uliolala, nikatangaza upya: kuutoa mpira pembeni hadi kwenye nyasi fupi, hatua ishirini, mara tisa kati ya kumi. Ukatoka. Nikamaliza shimo kwa mikwaju 5, moja zaidi ya kiwango, mahali ambapo kwa mazoea yangu ningeandika 7 au 8 na kuilaumu draiva njia nzima.

Tulipomaliza tuliketi kwenye benchi, naye akanipa daftari nilisome mwenyewe. Ahadi zangu za draiva hazikuwa mbaya. Mipira mingi ilitua ndani ya eneo nililolisema au karibu nalo. Fimbo za chuma ndizo zilizonishtaki. Mpira baada ya mpira ulikuwa umetua pungufu, na katika raundi nzima hakuna hata mmoja uliopita bendera. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyechambua kumbukumbu za mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa, alionyesha kwamba sehemu kubwa zaidi ya tofauti kati ya walio bora na wenzao, kama asilimia 40, inatokana na mikwaju ya kuufikisha mpira kwenye grini, wakati kusukuma kunachangia kama asilimia 15 tu. Sikuwa nayafahamu hayo siku ile, ila daftari la penseli lilikuwa limeshaniambia upande wangu wa habari.

Kisha mzee akaweka kidole kwenye safu ya namba za "kati ya kumi", na hapo nikaona jambo ambalo nisingeliona kwa miaka. Kila baada ya mkwaju mbaya, ahadi yangu ilipanda. Nikikosa, mkwaju uliofuata niliutabiria makubwa zaidi, kutoka mahali pabaya zaidi, kwa fimbo ngumu zaidi, na kwa uhakika zaidi. Shimo la 14 pekee ndilo lililovunja mtindo huo. Nilikuwa nikidhani hasira inaharibu mkono wangu. Kumbe mkono ulikuwa haujafikiwa bado. Hasira ilikuwa inaharibu hesabu.

Wachezaji wa gofu tunajivunia uaminifu wa mchezo wetu, na tuna haki. Husimuliwa jinsi Bobby Jones, mchezaji mashuhuri wa Marekani, katika mashindano ya wazi ya Marekani ya mwaka 1925, alivyojitoza adhabu ya mkwaju mmoja kwa sababu mpira wake ulisogea alipokuwa akijiandaa kuupiga, jambo ambalo wasimamizi hawakuliona. Mwishowe alilingana na Willie Macfarlane na akashindwa katika raundi za kuamua mshindi. Nauheshimu uaminifu huo. Hata hivyo, nimecheza na watu wengi ambao wasingesogeza mpira hata kwa upana wa ukucha, na ambao kadi zao zimeandikwa kwa usahihi kamili, lakini ambao umbali wa fimbo zao ni hadithi tupu. Sheria hazina adhabu kwa kosa la namna hiyo, labda kwa kuwa uwanja unaitoza wenyewe.

Wiki zilizofuata niliandika upya umbali wa kila fimbo kwa kutumia wastani wa mipira niliyoipiga, mizuri na ya kawaida kwa pamoja. Namba 7 ilishuka hadi mita 135. Kwa bendera ya mita 148 nilianza kuchukua namba 5, ambayo ni ndefu na hufika mbali zaidi, na mwanzoni nilikuwa nikiificha fimbo hiyo mguuni wenzangu wasiione, kwa maana katika gofu kuna majivuno ya ajabu ya kufika mbali kwa fimbo fupi. Kuhusu hasira, nilichukua desturi ambayo Tiger Woods amewahi kuieleza, ya kujiruhusu kukasirika kwa hatua kumi hivi baada ya mkwaju mbaya, kisha kuliacha jambo hilo nyuma. Kwangu haikufanya kazi hadi nilipoiunganisha na glovu: nikishapiga vibaya naanza kutembea, na hatua ya kumi ikifika naivua glovu na kuitia mfukoni. Inavaliwa tena tu baada ya kutaja fimbo, mahali na namba, siku hizi kimoyomoyo.

Handikapu ilishuka polepole hadi 14, kwa misimu, si kwa majuma. Draiva bado inapinda kulia. Mkwaju ambao daftari halijaweza kuutibu ni ule unaofuata mkwaju mzuri sana: hapo ninapokuwa nimesimama katikati ya nyasi fupi, mpira umekaa vizuri, ndipo namba 7 inapojirudishia mita zake 150, na nisipoitaja namba kwa sauti inayosikika, nakwenda kuutafuta mpira kwenye banka.