Kwa makocha mnaokwenda kufundisha ugenini
Mambo yanayoharibu wiki za kwanza ni madogo. Mpira, kwa mfano. Ukiujaza ndani ya chumba chenye nyuzi joto 20 hadi 0.8 bar (kipimo cha shinikizo la hewa), kisha ukautoa uwanjani penye nyuzi 0, utashuka hadi karibu 0.68. Hewa haijavuja, imesinyaa kwa baridi. Kanuni za soka zinaruhusu 0.6 hadi 1.1, kwa hiyo pimeni upya palepale uwanjani. Halafu someni geji vizuri: nyingine huonyesha psi, kipimo kingine cha shinikizo, na 0.8 bar ni kama psi 11.6. Sindano ya pampu ilowesheni kwanza. Ikiingia kavu huchana vali, na huo mpira utavuja kila siku.

Njumu zenye meno marefu kwenye nyasi bandia ni hatari, nami sioni sababu ya kumruhusu mchezaji kuzivaa hapo. Hunasa, mguu unabaki huku mwili unageuka, na goti ndilo linaloumia. Chagueni zenye meno mafupi na mengi.

Saa nazo! Nchi nyingi za Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi, na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba; Marekani, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Saa ya ukutani haijirekebishi yenyewe, na kocha huwakuta vijana wamemsubiri saa nzima.

Tarehe za mechi andikeni mwezi kwa jina. 4/5 Marekani ni Aprili 5.